Imeili Inajikokota Kwenye Kompyuta ya Zamani? Usifute Kitu Kabla ya Kusoma Haya

Ni mwisho wa mwezi. Unataka kulinganisha mauzo ya duka na taarifa ya malipo ya till yako, na taarifa yenyewe imetumwa kwa imeili. Unawasha kompyuta, unafungua Outlook au Thunderbird, halafu unangoja. Kiduara kinazunguka. Unabonyeza barua moja tu, dirisha linafifia na juu yake panaandikwa "Not Responding". Mhasibu anapiga simu mara ya tatu akiuliza PDF iko wapi.

Hapo ndipo wengi hukasirika na kuchukua hatua ya haraka. Mmoja anafuta barua zote za miaka iliyopita ili kompyuta "ipumue". Mwingine anaiondoa akaunti kwenye programu akitumaini kuiweka upya. Wa tatu anatafuta namba ya msaada mtandaoni, anampigia mtu asiyemjua na kumruhusu aingie kwenye kompyuta yake kutoka mbali. Kompyuta inaweza kupata nafuu kidogo, lakini rekodi za malipo zikipotea, au namba zako za siri zikiangukia mikononi mwa tapeli, hasara yake ni kubwa kuliko ile ya kungoja dakika tano.

Habari njema ni kwamba imeili nzito kwenye kompyuta ya zamani ni tatizo la kawaida, na mara nyingi unaweza kulitatua mwenyewe bila kulipa mtu. Mpangilio ni huu: tafuta mzigo uko wapi, linda rekodi zako, kisha ndio upunguze. Twende pole pole.

Kwanza: Tatizo ni mtandao, programu au kompyuta?

Usianze kurekebisha kabla ya kujua kinachoumwa. Jaribio hili ni rahisi na halihitaji fundi.

Fungua kivinjari, kama vile Chrome au Firefox, kwenye kompyuta hiyo hiyo, kisha uingie kwenye imeili yako kupitia tovuti ya kampuni inayokupa huduma ya imeili. Ukiwa na Gmail, ingia kwenye tovuti ya Gmail. Sasa angalia:

- Ikiwa tovuti inafunguka vizuri lakini Outlook au Thunderbird inajikokota, mtandao wako uko sawa. Shida iko kwenye programu au kwenye faili zake.
- Ikiwa tovuti pia inajivuta, na hata kurasa nyingine hazifunguki, angalia intaneti kwanza. Jaribu kuunganisha kompyuta na hotspoti ya simu yako uone kama kuna tofauti.
- Ikiwa hata kufungua faili ya Word au picha iliyo kwenye kompyuta kunachukua muda, basi kompyuta nzima imelemewa, na imeili ni mojawapo tu ya mizigo yake.

Jaribio la pili: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kama ni dogo na halina maelezo mengi, bonyeza "More details". Tazama safu mbili: "Memory" na "Disk". Fungua programu ya imeili ukiwa unaziangalia. Disk ikipanda hadi asilimia 100 na kukaa hapo, kompyuta yako inangojea diski isome na kuandika. Memory ikiwa karibu kujaa, umefungua vitu vingi kuliko kumbukumbu ya RAM iliyopo. Andika ulichokiona kwenye karatasi. Ukienda kwa fundi baadaye, maelezo haya yatakuokoa usiuziwe kifaa usichokihitaji.

Pili: Jua barua zako zinakaa wapi

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, halafu wanajuta. Programu ya imeili huchukua barua kwa njia mbili kuu: POP na IMAP.

Fikiria sanduku la posta. POP ni kama kwenda posta, kufungua sanduku, kuchukua barua zote na kuzipeleka nyumbani. Sanduku linaweza kubaki tupu. Barua ziko kwenye droo yako tu, na droo ikiungua, zimekwenda. Kwa lugha ya kompyuta, barua zako huenda ziko kwenye diski ya hiyo kompyuta ya zamani peke yake, isipokuwa programu imeambiwa iache nakala kwenye seva.

IMAP ni tofauti. Barua zinabaki posta, na wewe nyumbani una nakala zake. Ukitoa barua moja kwenye sanduku, nakala ya nyumbani nayo inaondoka. Na ukiitupa nakala ya nyumbani, ya posta inatupwa vilevile. Kwa hiyo kufuta kwenye kompyuta ni kufuta kila mahali: kwenye simu, kwenye tovuti, kote.

Ni rahisi kujua unatumia ipi. Kwenye Outlook ya miaka mingi, ambayo siku hizi Microsoft huiita Outlook ya "classic", nenda File, kisha Account Settings, kisha Account Settings tena. Orodha itaonyesha aina ya kila akaunti. Kwenye Thunderbird, fungua Account Settings, kisha Server Settings, usome palipoandikwa "Server Type".

Ukikuta POP, simama hapo. Usifute, usiondoe akaunti, usiweke Windows upya, mpaka uwe na nakala nje ya kompyuta hiyo.

Tatu: Weka nakala kabla ya kugusa kitu

Kwa nini tunasisitiza hivi? Kwa sababu imeili ya mfanyabiashara mdogo ni kabati la hesabu zake. Humo kuna taarifa za malipo, ankara, risiti za wauzaji wa jumla na mawasiliano na KRA. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mlipa ushuru nchini Kenya kuhifadhi hati zake kwa miaka 5. Ukiulizwa kuhusu mauzo ya miaka mitatu iliyopita, kusema "kompyuta ilikuwa slow nikafuta" si jibu litakalokusaidia.

Fanya mambo mawili.

La kwanza, toa zile hati muhimu. Taarifa za malipo, ankara na risiti zilizokuja kama viambatisho, zihifadhi kwenye folda yake kwenye kompyuta, uipange kwa mwaka na mwezi. Kama taarifa ya PDF inafunguliwa kwa namba maalum ya siri, hakikisha unaweza kuifungua leo, kabla hujafuta ile barua au meseji yenye namba hiyo. PDF iliyofungwa na namba iliyopotea ni sawa na sefu bila ufunguo. Kisha nakili folda hiyo kwenye flashi au diski ya nje, na uiweke mahali tofauti na kompyuta.

La pili, nakili barua zenyewe. Funga programu ya imeili kabisa kwanza.

Kwa Outlook, barua za POP hukaa kwenye faili yenye mwisho wa .pst, ambayo mara nyingi iko ndani ya Documents, kwenye folda ya "Outlook Files". Nakili faili hiyo kwenye diski ya nje. Kwa akaunti ya IMAP, faili huwa na mwisho wa .ost. Hiyo ni nakala ya kilicho kwenye seva, na kuinakili tu hakutakusaidia sana. Njia nzuri ni kwenda File, kisha Open & Export, kisha Import/Export, na kutoa barua kwenye faili mpya ya .pst.

Kwa Thunderbird, fungua menyu ya Help, kisha ukurasa wa Troubleshooting Information, utafute palipoandikwa "Profile Folder" na ubonyeze Open Folder. Ukishaona folda hiyo ilipo, funga Thunderbird na uinakili yote.

Kunakili kunaweza kuchukua saa nzima kwenye mashine ya zamani. Iache ifanye kazi jioni, wewe ukifunga hesabu za siku kwenye daftari.

Nne: Kupunguza mzigo kwenye Outlook

Sasa tuanze kazi. Fanya hatua moja, jaribu, ndipo uende kwenye inayofuata. Ukifanya zote kwa mpigo hutajua ipi ilisaidia.

*Fungua Outlook bila programu-ongezi.* Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe, kisha Enter. Outlook itafunguka bila vile vijiprogramu vinavyojibandika ndani yake, kama vya PDF, vya mikutano ya video au vya antivirasi. Ikifunguka haraka hivyo, umempata mhalifu. Nenda File, Options, Add-ins. Chini kabisa chagua COM Add-ins na ubonyeze Go. Ondoa tiki kwenye usivyovitumia, kimoja kimoja, halafu ufungue Outlook kwa njia ya kawaida.

*Angalia ukubwa wa faili.* Microsoft wenyewe hueleza kwamba faili ya barua isiyozidi GB 5 hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta nyingi. Kati ya GB 5 na 10, mambo hutegemea kasi ya diski na wingi wa RAM. Ikipita GB 10, kuganda-ganda kwa muda mfupi huongezeka. Tangu Outlook ya 2010, faili inaruhusiwa kufika GB 50, na ndiyo sababu watu hudhani bado wana nafasi. Kuruhusiwa na kubebeka ni mambo mawili. Matatu nayo hubeba abiria wengi, lakini yafaa injini iwe nzima.

*Punguza barua zinazowekwa kwenye kompyuta.* Nenda Account Settings, chagua akaunti, bonyeza Change. Kama akaunti yako inaruhusu, utaona sehemu ya "Mail to keep offline". Badala ya "All", chagua mwaka mmoja au miezi sita. Barua za zamani hazifutwi. Zinabaki kwenye seva na bado unaweza kuzitafuta ukiwa na mtandao. Kwa kompyuta ya zamani, hatua hii peke yake inaweza kuleta nafuu kubwa. Usitarajie kuiona kwenye akaunti ya POP, kwa sababu huko barua zimeshaletwa nyumbani.

*Gawanya Inbox.* Inbox yenye barua elfu hamsini ni nzito kupanga kila unapoifungua. Tengeneza folda za mwaka: 2022, 2023, 2024, na uhamishe barua humo. Hapo hujafuta chochote, umepanga tu.

*Tupa takataka, kisha bana faili.* Barua za matangazo na zilizo kwenye Junk na Deleted Items unaweza kuzimwaga, baada ya kupitisha macho uone kama hakuna ankara iliyopotelea humo. Lakini kumbuka: ukifuta barua, faili haipungui papo hapo. Ni kama kutoa viti chumbani. Chumba kinabaki na ukubwa ule ule. Nenda Account Settings, Data Files, chagua faili, Settings, kisha "Compact Now". Iache imalize, usizime kompyuta katikati.

*Tengeneza faili iliyoharibika.* Kama umeme umekatika mara kadhaa ukiwa kazini, faili ya .pst inaweza kuwa imepata hitilafu. Outlook ina kifaa chake cha kurekebisha kinachoitwa scanpst.exe. Kitumie ukiwa tayari una nakala ya faili, kamwe usikitumie kwenye nakala ya pekee.

Tano: Kupunguza mzigo kwenye Thunderbird

Thunderbird ni ya bure na wengi wenye kompyuta za zamani huipenda. Ina tabia moja usiyoweza kuiona kwa macho: kwa kawaida huhifadhi folda nzima kama faili moja ndefu. Ukifuta barua, huifichia machoni pako, lakini maandishi yake yanabaki ndani ya faili. Kwa hiyo unaweza kuwa na Inbox inayoonyesha barua 200 huku faili yake ikiwa na GB kadhaa.

Dawa yake inaitwa Compact. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Compact". Anza na Inbox, Sent na Trash. Hakikisha diski ina nafasi ya kutosha kwanza, kwa sababu Thunderbird huandika faili mpya kabla ya kuitupa ya zamani.

Kama folda inaonyesha barua zisizofunguka au orodha imevurugika, bonyeza tena kitufe cha kulia, chagua Properties, halafu "Repair Folder". Hiyo hujenga upya faharasa ya folda.

Thunderbird pia husoma barua zako zote ili utafutaji uwe wa haraka. Kwenye kompyuta yenye nguvu hutaona tofauti. Kwenye ya zamani utasikia diski ikikoroma. Nenda Settings, General, sehemu ya Indexing, na uondoe tiki kwenye "Enable Global Search and Indexer". Utaendelea kutafuta barua ndani ya folda moja moja.

Kwa akaunti ya IMAP, fungua Account Settings, kisha Synchronization & Storage. Hapo unaweza kuiambia ihifadhi kwenye kompyuta barua za siku 90 zilizopita pekee. Tahadhari kubwa: kwenye ukurasa huo huo, chini kidogo, kuna sehemu ya kupata nafasi kwenye diski, yenye chaguo la kufuta barua zote isipokuwa za karibuni. Hiyo hufuta barua kwenye kompyuta *na* kwenye seva, moja kwa moja. Iache kwenye "Don't delete any messages". Mistari miwili kwenye ukurasa mmoja, lakini wa kwanza unaipunguzia kompyuta mzigo na wa pili unakumaliza wewe.

Kwa wenye Gmail, kuna jambo moja la ziada. Gmail huonyesha folda ya "All Mail" yenye barua zote, pamoja na zile zile zilizo Inbox. Programu ya imeili huweza kuzishusha mara mbili. Fungua Gmail kwenye kivinjari, nenda Settings, Labels, na uondoe tiki ya "Show in IMAP" mbele ya All Mail. Barua hazitaguswa, zitaacha tu kushushwa mara mbili.

Sita: Kompyuta yenyewe

Laptop nyingi tunazonunua pale Luthuli Avenue, zile tunazoita ex-UK, ziliwahi kutumika ofisini huko nje kabla ya kufika kwetu. Nyingi bado ni imara. Udhaifu wake mara nyingi ni mambo mawili: RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka.

Diski ya kuzunguka ina sahani inayozunguka na kichwa kidogo kinachosogea kutafuta data, kama sindano ya santuri. Programu ya imeili husoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika: barua hii huku, faharasa ile kule. Kichwa kinakimbia huku na huko, na ndiyo maana Task Manager inaonyesha Disk asilimia 100 hata kama hujafanya kitu kikubwa. SSD haina kitu kinachozunguka. Ukibadilisha diski ya zamani kwa SSD, kompyuta ile ile unaweza kudhani ni mpya. Kama uliona Disk ndiyo iliyojaa, nunua SSD kabla ya RAM. Kama uliona Memory ndiyo iliyojaa, ongeza RAM hadi GB 8, baada ya fundi kukuthibitishia kwamba modeli yako inakubali.

Kabla ya kutoa pesa, fanya haya ya bure: kwenye Task Manager, fungua sehemu ya Startup na uzime programu zinazojiwasha bila sababu. Hakikisha diski haijajaa pomoni. Na kama una programu mbili za antivirasi, bakisha moja, kwa sababu zote mbili zitakuwa zikikagua kila barua. Usizime zote mbili.

Ukimpelekea fundi, ondoka na diski yako ya zamani. Ndani yake kuna taarifa zako za malipo, nakala za kitambulisho na huenda nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ikiwezekana kaa pale kazi ifanywe ukiona.

Tena, angalia toleo la Windows. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 7 ilikuwa imeshaachwa tangu Januari 2020. Kompyuta nyingi za zamani hazifikii masharti ya Windows 11. Mashine isiyopata masasisho ya usalama itaendelea kuwaka, lakini mianya inayogunduliwa haizibwi. Kama yako iko hivyo, ongea na fundi kuhusu kuweka Linux, ambayo ni ya bure na huendesha Thunderbird vizuri, au tumia simu yako iliyosasishwa kwa mambo ya pesa, na kompyuta uiachie kazi za kuandika.

Saba: Pesa yako wakati imeili imechelewa

Wakati unaendelea kurekebisha, biashara haisimami. Matapeli wanajua hilo, na imeili iliyochelewa huwapa mwanya. Zingatia haya:

- Usitoe bidhaa kwa sababu ya imeili. Mteja akikuonyesha barua au picha ya skrini kwamba amelipa, angalia salio lako kwenye simu au kwenye programu ya malipo. Pesa ikiwa imeingia, itaonekana hapo. Ikiwa haionekani, haijaingia.
- Usilipe mara mbili. Kama risiti ya imeili haijafika, hiyo haimaanishi malipo yamekwama. Tazama historia ya malipo kwenye simu kabla ya kutuma tena.
- Muuzaji akibadilisha namba ya malipo kwa imeili, mpigie. Tumia namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Kwa kompyuta inayojikokota, mtu husoma haraka haraka akitaka kumaliza, na ndivyo anavyonaswa.
- Usimruhusu usiyemjua kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali. Kampuni halali haikupigii ghafla kukuambia kompyuta yako ina shida. Akikuomba uweke programu ya kuona skrini yako, kata simu.
- PIN yako haihusiani na imeili. Hakuna hatua hata moja katika makala haya inayohitaji PIN ya pesa zako. Anayeiomba ili "atengeneze imeili" ni mwizi, hata akiwa na sauti nzuri na lugha ya ofisini. Hata sisi hatutakuuliza.

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu

1. Fungua imeili kwenye kivinjari, ulinganishe. Tazama Disk na Memory kwenye Task Manager.
2. Jua kama akaunti ni POP au IMAP.
3. Toa taarifa za malipo na ankara, hakikisha zinafunguka, nakili nje ya kompyuta.
4. Jaribu Outlook kwa /safe, au zima Indexer ya Thunderbird.
5. Punguza barua zinazohifadhiwa kwenye kompyuta. Gawanya Inbox kwa miaka.
6. Mwaga takataka, kisha Compact.
7. Bado nzito? Sasa ndio fikiria SSD au RAM.

Ukishamaliza, jiwekee siku moja kila mwezi, labda ile unayofunga hesabu, ya kufanya hatua ya 3 na ya 6. Itakuchukua nusu saa. Ukifanya hivyo, msimu wa kujaza ritani za KRA ukifika tarehe 30 Juni, utakuta taarifa zako zote kwenye folda moja, hata kama kompyuta yenyewe itakuwa imeamua kustaafu.